Kengele Inayochelewa

Jumatatu, Machi 3

Daftari hili lilikuwa la mahudhurio ya watoto wa chekechea. Mke wangu, ambaye ndiye mwalimu wao, amechana kurasa za mbele zilizokwisha kujaa majina, akanikabidhi zilizobaki. Amesema kila neno litakalonijia mdomoni kabla mwenzangu hajamaliza la kwake, nilimeze, kisha jioni nilitemee humu. Nikamwambia nimeelewa. Akasema hakuwa amemaliza.

Basi nianze. Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa. Kituoni wananiita Radi, na jina hilo sikupewa bure. Kwa miaka mingi hakuna aliyewahi kufika kwa mgonjwa kabla yangu. Mwezi uliopita nikafika kabla ya watu wote, kabla hata ya nesi wangu. Nesi alikuwa ameshuka kufungua geti, kwa kuwa mlinzi alikuwa amekwenda kujisaidia. Nikasikia mlango unafungwa kwa kishindo, nikajua amepanda, nikaondoka. Kumbe ulikuwa mlango wa nyuma, aliusukuma akipita, na simu yake haikuwa na chaji ya kunipigia. Nimekata mitaa na king'ora huku nikimsimulia habari za mpira, na kwa vile hajibu nikadhani amenuna. Nilipofika, mzee mwenye pumu akaniuliza daktari yuko wapi. Nikamfungulia mlango wa upande wa pili ili amwone nesi, tukakitazama kiti pamoja.

Mzee hakudhurika. Alikuwa na dawa yake ya kuvuta, na mkewe anasema kicheko kilimsaidia zaidi ya dawa. Lakini msimamizi wa kituo hakucheka. Akatupeleka madereva wote hospitali kuu kupimwa.

Kipimo chenyewe ni cha ajabu. Unakaa mbele ya kompyuta yenye vitufe viwili. Duara likitokea kushoto unabonyeza cha kushoto, likitokea kulia unabonyeza cha kulia, kwa haraka uwezavyo. Ila mara mojamoja, duara likishatokea, inalia kengele, na ukiisikia hutakiwi kubonyeza. Hayo tu. Nilicheka kimoyomoyo. Kisha nikabonyeza kila kitu: duara, kengele, na nadhani hata mpimaji alipopiga chafya nilibonyeza.

Kwa kasi nilikuwa wa kwanza kituo kizima. Kwa kuacha nilikuwa wa mwisho.

“Mzee wangu,” mpimaji akaniambia. Ni binti mpole mwenye koti jeupe na sauti ya chini. “Mguu wa mafuta tumeuona. Tulikuwa tunautafuta wa breki.”

Nitapimwa tena mvua zikipungua. Nikifaulu narudishiwa usukani. Nikishindwa, ndiyo basi, nitapokea simu mezani mpaka nistaafu. Nimeshika usukani tangu binti yangu hajaota meno, na leo ana kazi yake na mshahara wake. Sijui kazi nyingine na sitaki kuijua. Kituoni kila mtu ana methali ya kunipa kuhusu haraka. Sitaandika hata moja, zinaniudhi.

Jumanne, Machi 4

Mvua kutwa. Kiti cha mezani kinazunguka vizuri sana lakini hakiendi popote.

Jumatano, Machi 5

Gari langu amepewa Kobe. Ni kijana mrefu, mkimya, tulimpa jina hilo wiki ya kwanza alipoajiriwa. Kabla ya kuondoka anazunguka gari, anagusa kila tairi, anafuta kioo. Kisha, hili nimeliona leo kwa macho yangu kupitia dirishani, anamgeukia nesi aliyekaa hapo hapo ubavuni mwake, anamuuliza, “Upo?” Nesi anajibu, “Nipo.” Ndipo anaachia breki. Nimecheka mpaka Shangazi akaniambia nipunguze sauti, yupo kwenye simu.

Shangazi ndiye mwenzangu wa mezani, mama mtu mzima ambaye kituo kizima kinamwita hivyo. Ana miwani yenye kamba na hajawahi kupandisha sauti. Mtu anapiga analia, anatukana, anaomba dua, yeye anasema tu, “Ndiyo, mwanangu. Endelea.”

Jioni nilikuwa jikoni napasha maji ya kuoga, binti yangu akaingia. “Baba, nimepata...” Nikamwambia mafua, nimemsikia tangu asubuhi, na yote ni kwa sababu amepoteza mwavuli. Akageuka, akatoka. Mama yake alikuwa anasugua sufuria. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko sufuria ilivyohitaji. Sijui kosa langu ni lipi, maana mafua kweli anayo.

Ijumaa, Machi 7

Shangazi alikuwa anahesabu watu niliowakata kauli. Leo ameacha kuhesabu.

Jumatano, Machi 12

Siku yangu ya mapumziko. Mke wangu amenipeleka chekechea, eti kuna mazoezi yatakayonisaidia. Wana mchezo wanaouita Mwalimu Kasema. Akisema “Mwalimu kasema shika pua,” unashika pua. Akisema “Shika pua” bila kumtaja mwalimu, unatulia. Ukishika, umetoka, unakwenda kukaa kwenye mkeka.

Nimeujua mkeka huo vizuri. Raundi ya kwanza nilitoka kwa pua, ya pili kwa sikio, ya tatu niliruka kabla mwalimu hajasema chochote. Kuna kasichana kenye meno mawili pungufu kalikuwa kananihurumia. Kalinifuata kwenye mkeka kakaniambia nisilie, hata kenyewe mwanzoni kalikuwa hakawezi. Mke wangu alikuwa amegeukia ubao, mabega yanatikisika.

Nilimwambia njiani kwamba mchezo ule si wa haki, unamwonea mtu mwepesi. Akasema ndiyo maana yake.

Jumatatu, Machi 17

Mvua za kweli zimeanza. Kobe alikuja mezani kuniuliza barabara za upande wa machimbo, zipi zinajaa maji. Nikamwelekeza, ingawa kwa mwendo wake maji yatakuwa yameshakauka akifika. Hakukasirika. Alisema asante, akachukua mwavuli wake mlangoni. Una maua ya samawati na mpini umevunjika, umefungwa utepe mwekundu. Binti yangu alikuwa na wa aina hiyo hiyo, na mimi ndiye niliyemfungia utepe. Inaelekea mafundi wa miavuli hii wote ni walewale, inavunjika mahali pamoja.

Wakati wa chakula cha usiku binti yangu akaanza tena, “Baba, kuna mtu kituoni kwenu...” Nikadakia kwamba ni Kobe, wa kuchekesha kuliko wote, nikamsimulia habari ya “Upo?” na “Nipo” kwa vitendo, nikatumia kijiko kama gia. Mke wangu aliinuka akaenda kuleta maji wakati jagi lilikuwa limejaa. Binti yangu alitabasamu lakini hakucheka. Zamani alikuwa anavicheka vichekesho vyangu.

Ijumaa, Machi 21

Leo sina mzaha. Naandika kwa kuwa niliahidi.

Mchana, mvua ikimwagika kama inadaiwa, simu iliita kwenye meza yangu. Mama mmoja, roho juu. Mkwewe ameshikwa na uchungu, chupa imepasuka, mtoto yu njiani. Nikamuuliza mpo wapi. Akasema, “Tupo nyuma ya shule...” Nikamwambia nyuma ya shule, nimekupata mama, tunakuja. Nikakata. Nikamtuma Kobe. Nilijiona hodari. Nilimtazama hata Shangazi ili aone kazi inavyofanywa.

Baadaye Kobe akaita kwenye redio. Alisema yupo nyuma ya shule na hakuna nyumba, kuna uwanja wa mpira uliojaa maji, na mbuzi mmoja amesimama golini. Nikampigia yule mama. Simu haipatikani. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Mtandao ulikuwa umekwenda na mvua. Nilikuwa na kidole juu ya kitufe na hapakuwa na kitu cha kubonyeza kinachosaidia.

Ndipo simu ikaita kwa Shangazi. Alikuwa ni yule mama, ameazima simu ya jirani. Nilimsikia Shangazi akisema, “Ndiyo, mwanangu. Endelea,” na yule mama akaendelea. Nyuma ya shule ya zamani. Ile iliyogeuzwa ghala la mbao. Ng'ambo ya mto. Yote haya angeniambia mimi, kama ningemwachia kupumua mara moja zaidi.

Daraja dogo lilikuwa limefunikwa na maji, ikabidi Kobe azungukie barabara kuu. Nikamwambia kwenye redio kwamba kosa ni langu. Ningekuwa mimi, ningemtukana aliyenituma mpaka redio iungue. Yeye alisema, “Nimegeuza, mzee. Usiwe na wasiwasi.” Halafu nikamsikia anamuuliza nesi, “Upo?” Safari hii sikucheka.

Mtoto alizaliwa kabla gari halijafika. Walimkuta amefungwa kwenye pazia, analia kwa nguvu zake zote. Mama yake alikuwa amepoteza damu, lakini nesi alimwahi, na jioni wote wawili walikuwa wodini wanaendelea vizuri. Nesi alinipigia mwenyewe kuniambia. Aliongeza, kwa upole, kwamba wangechelewa zaidi ya pale asingependa kusema nini kingetokea.

Nilirudi nyumbani nimelowa. Mke wangu alinivua viatu. Nilimweleza yote, na alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyofanya siku zote. Ni leo tu ndiyo nimegundua kwamba ni kazi, kusikiliza vile.

Jumamosi, Machi 22

Nimekwenda kwa msimamizi kujieleza. Alikuwa hajui. Kobe kwenye taarifa yake ya safari alikuwa ameandika tu kwamba barabara ilikuwa na maji, jambo ambalo ni kweli. Msimamizi amenipa onyo na kuniweka chini ya Shangazi, nisikate simu yoyote bila idhini yake. Nimekubali bila kusema neno. Aliniuliza kama naumwa.

Kobe alipita mezani baadaye. Wale wazazi wamempa mtoto jina lake, jina lake halisi. Ilinibidi nimuulize ndilo lipi. Tumefanya kazi pamoja muda wote huo nami sikuwa nalijua.

Jumanne, Aprili 1

Shangazi amenifunulia siri ya kazi yake. Nilikuwa nimeshangaa kila siku kwa nini anakaa amejikunja vile wakati wa kuongea na simu. Kumbe anaikalia mikono yake. Alipoanza kazi alikuwa kama mimi, anasema, mkono ulikuwa unakwenda kwenye kitufe kabla ya akili. Basi akaukalia. Mpigaji akinyamaza, anavuta pumzi moja, ndipo anautoa.

Nami nimeikalia yangu. Kiti ni kigumu. Lakini leo nimepata anwani zote sawa.

Ijumaa, Aprili 4

Naikalia mikono hata wakati wa chakula. Mke wangu anasema supu inapoa.

Jumatano, Aprili 9

Sasa nimekuwa bingwa wa kusubiri. Mwenye duka aliniuliza kama nataka mchele wa kilo mbili, nikamsubiri amalize, kumbe ameshamaliza, tukatazamana mpaka wateja wengine wakaanza kukohoa. Nyumbani mke wangu aliniuliza chai au maji. Nikavuta pumzi. Alirudia. Nikavuta nyingine. Akasema alinitaka nipunguze mwendo, hakunitaka nizime injini.

Jumanne, Aprili 15

Binti yangu alikaa karibu yangu sebuleni. “Baba, kuna jambo nataka kukwambia.”

Nikazima redio. Nikaikalia mikono. Nikamkazia macho, nikafunga mdomo kwa nguvu ili lisitoke hata neno moja. Nikasubiri.

Akanitazama. Akasema, “Basi, Baba, siku nyingine. Unanitisha.”

Ama kweli nimetoka kwenye moto nikaingia kwenye jokofu.

Jumanne, Aprili 22

Mvua imetulia, imerudi, imetulia. Kobe alinisaidia kubeba gunia la mchele mpaka kituo cha basi. Hakuharakisha, na hakulidondosha.

Jumatatu, Aprili 28

Mafuriko. Simu zimelia tangu alfajiri. Katikati ya vurugu hiyo akapiga mzee mmoja mwenye sauti ya kukwaruza. Akaanza kwa kunisalimia, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema mke wake ameanguka na hasimami. Nikamuuliza wapo wapi. Akasema, upande wa machimbo, ila...

Hapo nikakwama. Radi wa zamani angetuma gari na kukata. Radi wa mikono chini ya makalio angekaa kimya mpaka mzee amalize ukoo wake wote, na mke wake yuko sakafuni. Nikautoa mkono mmoja. Nikamwambia Kobe kwenye redio, “Anza kuelekea machimbo. Twende, lakini uwe tayari kugeuza.” Mkono mwingine nikaendelea kuukalia, nikamwambia mzee, “Ndiyo, baba. Endelea.”

Mzee akaendelea. Ila asipite njia ya juu, imekatika. Ila wao hawapo nyumbani, wapo kwa mtoto wao, nyumba ya pili yenye geti la kijani. Ila mbwa ni mkali, atamfunga. Kila “ila” nikaipeleka kwenye redio, na Kobe mara mbili akageuza bila hata kuguna. Alifika mbwa akiwa anafungwa. Nyonga ya bibi ilikuwa imevunjika, na sasa amelazwa, anawaagiza manesi kama watoto wake.

Shangazi alivua miwani akanitazama. “Leo umepokea simu,” alisema. Nimefurahi kuliko siku niliyopata leseni.

Ijumaa, Mei 2

Barua ya kipimo imekuja. Alhamisi ijayo.

Jumatatu, Mei 5

Chekechea tena. Nimebaki wa mwisho na kale kasichana kenye mapengo. Kamenishinda, lakini kalitoka jasho.

Alhamisi, Mei 8

Nimetoka kupimwa. Mambo hayakwenda vizuri.

Mwanzoni nilijiona mjanja. Duara likitokea, nasubiri kidogo, nasikiliza kama kengele italia, ndipo nabonyeza. Sikukosea hata moja. Mpimaji akasimamisha mashine.

“Mzee wangu, unaisubiri kengele.”

Nikamwambia ndiyo, si ndiyo breki.

“Hiyo siyo breki, hilo ni gari lililoegeshwa. Bonyeza haraka kama unavyoendesha. Kengele ikikuta njiani, jaribu kuacha. Tunaanza upya.”

Tukaanza upya, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilikwenda haraka. Kengele ya kwanza ikalia, nikaacha. Ya pili nikaacha. Lakini nadhani mashine ilikuwa na kinyongo, kwa sababu kila nilipoacha, kengele iliyofuata ilichelewa zaidi, mpaka ikawa inalia kidole kikiwa kimeshashuka. Nikabonyeza. Nikaacha. Nikabonyeza. Nikabonyeza. Mwishoni nilikuwa naikosa kama nusu ya kengele zote. Mpimaji akaandika, akanishukuru, uso wake hauonyeshi kitu. Nusu. Hata shuleni sikupata kuwa na alama nzuri, lakini hii ni ya kupoteza usukani.

Ijumaa, Mei 9

Nimekwenda kwenye gari kuchukua vitu vyangu nilivyokuwa nimeviacha: mto wa kukalia, miwani ya jua, kitambaa cha kufutia kioo. Kobe aliniona. Alisema mto niuache, matokeo bado. Nikamwambia nayajua. Akasimama pale kwenye manyunyu, akatafuta neno, nami nikamsubiri alipate.

“Mimi sijui kazi hii ila kwa kukutazama wewe, mzee,” alisema mwishowe. “Hiyo ‘Upo?’ yangu nimeanza siku ile ulipomwacha nesi.”

Nilicheka, halafu ikanibidi nitazame pembeni. Msimu mzima nimemcheka kwa jambo alilojifunza kwenye kosa langu. Mto nimeuacha.

Jumatatu, Mei 12

Nimefaulu.

Nimeandika neno hilo juu peke yake nilitazame. Mpimaji aliniita ofisini kwake kunieleza, nami nilikaa na uso wa msibani. Nikamwambia asijisumbue, nusu ya kengele nimezikosa. Akasema kila mtu anakosa nusu. Mashine imepangwa hivyo: ukiweza kuacha, inachelewesha kengele, ukishindwa, inaiwahisha, inakusogeza mpaka ikufikishe pale unapoweza mara moja na kushindwa mara moja. Hawahesabu makosa. Wanatazama kengele inaweza kuchelewa kiasi gani nawe bado ukaacha. Mwezi wa pili ilibidi inilie mapema sana. Sasa inaweza kunilia nikiwa karibu kabisa kubonyeza, na mkono unarudi.

“Na kasi?” nikauliza.

“Imepungua kidogo.” Akatabasamu. “Hakuna mgonjwa atakayeihisi.”

Nilimpigia mke wangu. Alianza kusema kitu, nikamwachia. Akalia tu, halafu akacheka, halafu akasema watoto wanamsubiri.

Jumanne, Mei 13

Usukani. Kobe amepewa gari jipya, la pili, kwa hiyo hakuna aliyemnyang'anya mwenzake. Wito wa kwanza umekuja saa tatu. Nesi akapanda, nikamwona anapanda, alikuwa amekaa pale pale na mkoba wake magotini. Hata hivyo nikageuka.

“Upo?”

“Nipo,” alisema, “na leo nina simu yenye chaji.”

Alhamisi, Mei 15

Mvua zimekwisha. Nilikuwa sebuleni nakata kucha, binti yangu akaja akakaa kwenye kochi la mbele yangu. Sikumkodolea macho. Niliendelea na kucha zangu.

“Baba, nimepata mchumba.”

Maswali yalikuja kwa wingi. Nikakata ukucha mmoja. Nikamwambia endelea.

Alisema ni mtu wa heshima, mama anamjua. Alisema wamejuana tangu kabla ya mvua kubwa, siku yeye alipomwazima kijana huyo mwavuli wake kituo cha basi. Alisema anafanya kazi kituoni kwetu, ni dereva. Akavuta pumzi. “Ni yule mnayemwita Kobe.”

Mungu anisamehe, utani wa msimu mzima ulipanga foleni mdomoni mwangu papo hapo. Kwamba posa itafika mwaka kesho. Kwamba bibi harusi atafika ukumbini, bwana harusi bado anagusa tairi. Kwamba wajukuu wangu watazaliwa wakiwa wamestaafu. Ni mzuri, nauandika humu ili usipotee. Wa kwanza ulikuwa umeshafika kwenye meno, mdomo uko wazi, pumzi imeshavutwa.

Ndipo nikaona kwamba binti yangu ameikalia mikono yake.

Hajafundishwa na Shangazi. Amejifunza kwangu, hapa hapa nyumbani, msimu huu: kwamba mtu akiogopa kitakachotokea, anaikalia mikono na kusubiri. Alikuwa ananisubiri mimi.

Kengele haijawahi kunilia imechelewa kiasi kile. Nikafunga mdomo.

Tukakaa. Jirani alikuwa anafagia maji ya mwisho uani kwake. Mama mtu alikuwa kimya jikoni, hata sufuria haikugonga.

“Baba,” binti yangu akasema, “husemi kitu?”

“Nilidhani hujamaliza.”

Akanitazama, macho yakajaa, na kweli alikuwa hajamaliza. Alianza kusema na hakuacha mpaka chai ikapoa. Alisema tangu mwezi wa tatu amejaribu kuniambia na kila mara akakuta nimeshajibu. Alisema Kobe alitaka kuja mwenyewe siku nyingi, lakini anaogopa nitamcheka mbele ya mama yake mzazi. Hilo liliniuma, na nilimwambia limeniuma. Alisema anampenda kwa sababu, akiongea naye, hana wasiwasi kwamba maneno yatakwisha muda. Nilisikiliza yote. Nilimfikiria kijana yule na gunia la mchele, na taarifa ya safari, na mbuzi golini, na “Nimegeuza, mzee,” nikaona nisingemchagua mwingine hata ningepewa kituo kizima nichague.

Nikamwambia aje Jumamosi saa kumi na wazee wake. Kisha nikaongeza, maana breki si kwamba inaua injini, “Mwambie asichelewe.”

Alicheka. Kile kicheko chake cha zamani.

Jumamosi, Mei 17

Amefika saa tisa na nusu, yeye na mama yake na mjomba wake, viatu vimepigwa rangi, mkononi mwavuli wenye utepe mwekundu ingawa jua linawaka. Akasimama mlangoni akabisha hodi. Mimi ndiye niliyekuwa bado sijavaa shati.